Mikono ya Asubuhi

Katika karakana ya ushonaji ya Mama Mkasi kulikuwa na sheria tatu, na zote alizitunga mwenyewe bila kumuuliza mtu. Ya kwanza, kazi inaanza saa mbili kamili, na saa mbili na dakika tano si saa mbili. Ya pili, simu zote zinaingia kwenye droo ya meza yake mpaka saa sita, kwa sababu fundi anayechekacheka na simu hushona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Ya tatu, kazi ya mkono ndiyo inayotangulia: kutia vifungo, kupiga matundu yake, kushona pindo lisiloonekana. Cherehani ni za mchana. Asubuhi, alisema, macho hayajachoka na mwanga unaingia dirishani bila kuombwa.

Sheria hiyo ya tatu ndiyo iliyokuja kumuumbua, lakini kwa miaka ishirini ilimletea sifa tu.

Jina la Mama Mkasi alipewa na mafundi wake, na hakulikataa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kusema na mzito wa kuomba radhi. Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, waliyepishana naye miaka tisa, aliitwa Sindano, na hilo jina alilipata kwa haki. Tundu la kifungo alilolipiga kwa mkono lilitoka safi kuliko la mashine, na wateja wanaojua mambo walikuwa wakisema waziwazi kwamba koti langu apewe Sindano, la sivyo nitalisubiri. Mbele ya wateja Mama Mkasi alijivunia mdogo wake. Wakishatoka alimkaripia, kama wafanyavyo dada wakubwa wengi. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemfundisha kuvisha sindano uzi, kwa hiyo alijiona ana hatimiliki ya vile vidole.

Fundi wa tatu alikuwa mwanamume mmoja jitu, mpenda nyama na maneno, aliyeshona suruali tu na kwa hiyo akaitwa Fundi Suruali. Wengine walikuja na kuondoka, lakini hawa watatu ndio waliokuwa karakana yenyewe.

Sasa, kati ya hao watatu, wawili walikuwa na ugonjwa wa viungo wa kutambulika. Fundi Suruali alilala mzima usiku mmoja, akaamka na kidole gumba cha mguu kimevimba, cha moto, kinang'aa, hata shuka likikigusa anatoa ukelele. Walimpeleka kwenye kituo cha afya akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Daktari alikitazama kile kidole, akapima damu, akasema ni jongo: kuna asidi imezidi mwilini, imeganda ndani ya kiungo vipande vidogo vidogo vyenye ncha. Akampa dawa ya kutuliza, na baadaye ya kushusha hiyo asidi, akamwambia apunguze nyama na pombe. Wiki haikuisha, jitu limerudi kwenye cherehani linasimulia, na kila likisimulia kidole kinazidi kuwa kikubwa.

Mama Mkasi yeye alikuwa na goti. La kwake lilikuja polepole, kwa miaka. Asubuhi lilimgomea dakika tano, kisha likakubali. Kadiri anavyosimama mezani kukata vitambaa ndivyo lilivyouma, na jioni akiliweka juu ya kiti linatulia. Vidole vyake pia vilikuwa vimeota vinundu vigumu karibu na kucha. Daktari alimweleza kwamba gegedu, ile nyama ngumu inayozuia mifupa isisagane, imelika kwa umri na kwa uzito. Alimpa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, akamfundisha mazoezi ya kukaza mapaja, akamshauri apungue. Mazoezi aliyafanya. Ushauri wa kupungua aliusikia kwa sikio moja.

Basi tangu siku ile Mama Mkasi akawa bingwa. Mteja akilalamika mgongo, anaelezwa habari za gegedu. Jirani akichechemea, anatazamwa mguu papo hapo mlangoni. Na kutokana na goti lake mwenyewe alijitungia kanuni, akaiamini kuliko alivyomwamini daktari: maumivu ya kweli ni ya jioni, baada ya kazi. Kiungo huuma kwa sababu kimetumika.

Ndiyo maana Sindano alipoanza kusema mikono inamuuma, hakueleweka.

Maumivu ya Sindano yalikuwa ya asubuhi. Alifika saa mbili akiwa amekunja ngumi nusu, akaketi mbele ya kikapu cha vifungo, na vidole vikamkatalia. Sindano ikamponyoka. Uzi ukapita pembeni ya tundu mara tatu, mara nne. Vifungo kumi alivyokuwa akivitia huku anapiga soga sasa vilimchukua saa nzima, naye amenyamaza, anauma midomo. Ikifika saa tano anaanza kukunjuka. Saa saba yuko kwenye cherehani anashona vizuri tu, na mtu angedhani asubuhi alikuja pacha wake.

Mama Mkasi aliyaona hayo kwa macho yake mawili akayasoma kichwa chini miguu juu. Siku moja Sindano aliomba awe anaanza na cherehani, kazi ya mkono aifanye mchana, mikono ikishafunguka. Aliomba kwa upole, tena kando, lakini dada yake alijibu kwa sauti ya kusikika na watu wote.

"Mikono inayouma kabla ya kazi na kupona baada ya kazi? Huo si ugonjwa, mdogo wangu. Huo ni uvivu uliofungwa bandeji."

Watu walicheka. Fundi Suruali alicheka zaidi ya wote. Sindano naye alitabasamu, akarudi kwenye kikapu chake. Baadaye Mama Mkasi aliona kidogo kuwa amezidisha, akamletea chupa yake ya dawa ya goti apake mikononi. Sindano alishukuru, akapaka, haikumsaidia kitu, na hakulalamika tena. Dada yake akachukulia ule ukimya kuwa ni kupona.

Kumbe Sindano alikwenda mwenyewe kwenye kile kituo cha afya, Jumamosi moja baada ya kazi. Huko walimtoa damu, wakamwambia atapigiwa simu.

Simu ilipigwa Jumatatu, saa nne asubuhi, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Fundi yeyote anajua maana ya wiki hizo. Karakana ilikuwa imechukua kazi ya sare mia sita za shule moja kubwa, na zilikuwa zimebaki mia mbili na sitini, mashati yote hayana vifungo. Mama Mkasi alikuwa na maji ya shingo. Droo ilipoanza kutetemeka aliifungua kwa hasira, akaona ni simu ya mdogo wake, akaipokea ili ainyamazishe. Sindano mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma, ameinamia pasi.

Sauti ya muuguzi ilikuwa ya mtu mwenye orodha ndefu mbele yake. Haikuuliza nani anaongea. Ilisema majibu yako ya damu yametoka, dada, na bingwa wa viungo anakuja hapa keshokutwa, Jumatano; njoo asubuhi, usikose, kwa sababu akiondoka harudi mpaka baada ya miezi minne, na daktari wetu anasema hali yako si ya kungoja. Umenisikia?

Mama Mkasi alitazama rundo la mashati. Jumatano nzima bila Sindano, na hakuna mwingine wa kupiga tundu lililonyooka.

"Nimesikia," alisema. "Asante."

Hilo ndilo alilolifanya, na hakuna namna ya kulipamba. Hakusema kwamba yeye si mwenyewe. Alijiambia atampa habari mdogo wake jioni, halafu jioni akajiambia atampa Ijumaa, kazi ikishapungua. Miezi minne ni nini? Goti lake lina miaka saba na bado anatembea. Ijumaa ilipofika Jumatano ilikuwa imeshapita, na kutoa habari sasa ingekuwa kukiri. Alisubiri mafundi watoke kwenda kunywa chai ya saa nne, akaifungua tena droo, akaitafuta ile namba kwenye simu ya mdogo wake akaifuta.

Sare ziliisha kwa wakati. Mwalimu mkuu alivisifu vifungo vyake.

Mtu akishafanya jambo la namna hiyo, hujitia kulisahau, na Mama Mkasi alijitahidi kweli. Lakini nafsi ilikuwa ikimsuta, na yeye, badala ya kuisikiliza, akawa mkali zaidi. Sindano akichelewa dakika tatu, anaelezwa mbele za watu. Akidondosha mkasi, anaulizwa kama ameukodi. Hasira nyingine ni hofu iliyogeuza nguo nje ndani, ila wakati ule hakulijua hilo, au alilijua akalifumbia macho.

Ilipita miezi mitatu na ushee hivyo. Kisha Sindano akachelewa siku tatu mfululizo, na siku ya nne Mama Mkasi akaamua kwenda kumfumania kitandani. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa mdogo wake, amekwisha kuyapanga maneno. Aligonga. Sauti ikamjibu kutoka ndani kwamba mlango uko wazi, sukuma tu. Na kweli ulikuwa wazi. Kitasa kilikuwa kimezungushiwa kitambaa na kamba ndefu, ya kuvutwa kwa kiwiko.

Sindano hakuwa kitandani. Alikuwa ameketi sakafuni, taa inawaka, mikono yote miwili imezama kwenye beseni la maji ya moto mpaka juu ya vifundo vya mikono. Kando yake kulikuwa na birika la pili likisubiri zamu.

"Umeamka saa ngapi?" Mama Mkasi aliuliza, na maneno yake yote mazuri ya hasira yakampotea.

"Saa kumi. Siku hizi saa kumi haitoshi, dada. Nisamehe. Kesho nitajaribu saa tisa."

Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, kila siku, kuiloweka mikono yake ili ifunguke kabla ya saa mbili. Mama Mkasi aliketi kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Macho yake, yaliyozoea kukagua nguo za watu, yalikwenda ukutani kwenye magauni ya mdogo wake yaliyotundikwa. Yote yalikuwa ya kuvaa kupitia kichwani, yenye mpira kiunoni. Kwa mwaka mzima alidhani ni mtindo mpya. Fundi bora wa vifungo aliyepata kumwona hakuwa na kifungo hata kimoja katika nguo zake mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kuvifunga.

Akaomba aione mikono. Sindano aliitoa kwenye maji akaikausha kwa kuigongagonga juu ya taulo. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba vyote, kulia na kushoto vilevile, na vidole vyenyewe vilianza kuelemea upande wa kidole cha mwisho, kama vile mtu amevisukuma. Viganja vilikuwa vya joto. Hapakuwa na dalili hata moja iliyofanana na goti lake.

Alihesabu kichwani. Miezi minne ya yule bingwa ilikuwa inatimia Jumatano ijayo. Akamwambia mdogo wake kwamba amesikia, kwa mtu tu, kuwa kuna daktari wa viungo anakuja, na kwamba watakwenda wote. Sindano alimtazama kwa shukrani kubwa, na ile shukrani ilimchoma kuliko tusi.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, chenye meza ya mbao, kitanda chembamba na ukuta wenye picha ya mifupa ya mkono. Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka, ingawa nje foleni ilifika mpaka getini. Alianza kwa maswali. Maumivu yalianza lini? Yapata mwaka na miezi miwili. Asubuhi mikono inakakamaa kwa muda gani? Sindano akasema zamani saa moja, sasa saa tatu au nne. Je, ikitumika inazidi au inapungua? Inapungua. Uchovu? Daktari, nikiketi nalala. Viungo vingine? Nyayo, nikiamka nakanyaga kokoto.

Kila jibu Mama Mkasi alilijua, maana aliwahi kulisikia karakanani na kulifanyia mzaha.

Kisha daktari akafanya jambo dogo. Alimwomba na yeye, dada mtu, aweke mikono mezani kando ya ile ya mdogo wake, ili awaonyeshe wote wawili tofauti. Kwenye vidole vya Mama Mkasi alivigusa vile vinundu karibu na kucha: vigumu, baridi, mfupa mtupu. Hii, alisema, ni ya kulika. Inakuja na umri na kazi, inauma ukikitumia kiungo na kutulia ukikipumzisha. Akahamia kwa Sindano. Uvimbe wake ulikuwa laini, unabonyea, una joto, na ulikuwa kwenye vifundo vya katikati na vya shina la vidole, pande zote mbili kwa usawa. Akaubana mkono wa Sindano kwa ubavuni, taratibu tu, kama mtu anayesalimia. Sindano akauvuta mkono wake, machozi yakamtoka.

"Hii haikutokana na kazi," daktari akasema. "Inaitwa baridi yabisi: kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huohuo. Usiku mtu akilala uvimbe unatuama, ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya. Wengi wanadhani mgonjwa anajifanya, kwa sababu mchana wanamwona mzima."

Mama Mkasi aliondoa mikono yake mezani akaificha mapajani.

Daktari alieleza matibabu kwa kirefu, naye Sindano akasikiliza kama mwanafunzi. Atapewa dawa ya kutuliza uvimbe kwa muda mfupi, ili apate nafuu ya haraka. Dawa yenyewe hasa ni vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Alirudia: kwa wiki, siku moja unayoichagua, usije ukameza kila siku, ni hatari. Siku nyingine atameza vitamini ya kuulinda mwili dhidi ya hiyo dawa. Atapimwa damu mara kwa mara kuangalia ini. Itachukua wiki sita, pengine miezi mitatu, kabla hajaona kazi yake, asikate tamaa. Isipotosha kuna nyingine za kuongeza. Mazoezi ya vidole kila siku, na kibao cha kukitegemeza kifundo cha mkono usiku.

"Na hivi vilivyopinda?" Sindano akauliza.

Daktari hakumdanganya. Uvimbe utashuka, alisema, na maumivu yatapungua sana, Mungu akipenda. Lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ugonjwa huu unataka kuwahiwa mwanzoni, kila mwezi una thamani yake. Akafungua faili, akakunja uso. Hapa imeandikwa majibu yalitoka miezi minne iliyopita na ulipigiwa simu uje. Kwa nini hukuja?

Sindano akasema hakupigiwa.

Muuguzi akaitwa. Alikuwa msichana mwembamba, amebeba faili kumi kifuani. Akafunua daftari lake la simu, akaweka kidole kwenye mstari: nilipiga, nilimpata mwenyewe, alisema amesikia. Sindano akatikisa kichwa kwa upole akasema labda alikuwa mgonjwa mwingine. Daktari akamuuliza muuguzi kama alithibitisha jina la aliyepokea. Hakuthibitisha. Daktari hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mgonjwa huyu amepoteza miezi ambayo hatutaweza kumrudishia, na kwamba jioni ataandika barua kwa mganga mkuu kuhusu jambo hilo, kwa kuwa si mara ya kwanza watu kukosa kufikiwa. Macho ya msichana yalijaa. Alimgeukia Sindano akamwomba msamaha, na Sindano, kwa ile mikono yake iliyovimba, akamshika bega akamwambia usijali, mwanangu, kazi ni nyingi, binadamu hukosea.

Mama Mkasi alikuwa ameketi umbali wa kiti kimoja. Alimwacha msichana atoke na makosa yasiyokuwa yake.

Walitumwa eksirei, wakaketi kwenye benchi refu la ukutani kusubiri zamu. Mbele yao wagonjwa saba. Sindano alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa mwaka mzima. Alisema sasa angalau ina jina. Alisema nilifikiri labda kweli ni uvivu, dada, nilishaanza kujichukia. Kisha akasema anamhurumia yule muuguzi, asije akafukuzwa kwa ajili yake.

Mama Mkasi alijipiga moyo konde. Hata hivyo maneno yalitoka yamekauka, tena akitazama sakafu.

"Hakukosea. Simu ile niliipokea mimi. Ilikuwa kwenye droo. Alidhani ni wewe, na mimi nikamwacha adhani hivyo. Kisha namba nikaifuta."

Mlango wa eksirei ulifunguliwa, mtu akatoka, mwingine akaingia, watu wakasogea nafasi moja kwenye benchi, na wao wawili wakasogea pia.

"Ulikuwa wakati wa sare," Sindano akasema hatimaye. Hakuuliza.

"Zilibaki mia mbili na sitini."

"Najua zilibaki ngapi. Vifungo vyake nilivitia mimi." Alitazama mikono yake juu ya mapaja. "Ungeniambia, ningekwenda Jumatano na Alhamisi ningerudi. Nisingekuachia kazi, dada. Lini nimewahi kukuachia kazi? Ilikuwa siku moja tu."

Mama Mkasi alitaka kusema habari za kumlea, za mama yao, za karakana. Hakuna hata moja lililokuwa kubwa kuliko ile siku moja. Alisema tu kwamba anajuta. Alisema mara mbili. Sindano aliinamisha kichwa kidogo, namna mtu anavyopokea mzigo ambao hajaamua atauweka wapi.

"Yule binti anaandikiwa barua," akasema. "Nenda kamwambie daktari. Nenda sasa hivi, kabla hujapata sababu."

Mama Mkasi alinyanyuka. Goti lilimuuma, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu. Alipita mbele ya foleni yote, watu wakinung'unika kwamba mama huyu anaruka zamu, akagonga, akaingia, akasema akiwa amesimama. Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alimuuliza tarehe, na Mama Mkasi aliitaja bila kufikiri, na siku na saa. Kisha daktari akamwita muuguzi, akamwomba Mama Mkasi ayarudie yote mbele yake, akayarudia. Barua haitaandikwa, daktari akasema, ila kuanzia leo jina linathibitishwa kwanza. Msichana alijifuta macho kwa kiganja. Mama Mkasi alimwomba radhi, naye akasema amesamehe, akatoka haraka.

Waliporudi na picha, daktari alionyesha mahali ambapo ukingo wa mfupa umelika, vidole viwili mkono wa kulia, kimoja kushoto. Hivyo vitabaki hivyo. Vingine tunaviwahi. Sindano aliuliza kama atashona tena kwa mkono. Daktari akasema atashona, lakini si kama zamani, na si asubuhi.

Mwisho kabisa walipita kwenye dirisha la muuguzi kuchukua dawa na tarehe. Muuguzi alikuwa na fomu mpya. Safari hii aliuliza kila kitu taratibu: jina, umri, namba ya simu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, nani mwingine wa kupigiwa endapo mwenyewe hapatikani. Ndugu wa karibu.

Mama Mkasi alikwisha kufungua mdomo kuitaja namba yake. Alikuwa ameitaja kwenye kila fomu ya mdogo wake tangu darasa la kwanza.

"Andika hii," Sindano akasema, akataja namba ya Fundi Suruali, tarakimu moja moja.

"Ni nani wako?"

"Tunafanya kazi pamoja."

Muuguzi aliandika. Kisha akamtazama Mama Mkasi mara moja, akageuza fomu ili Sindano atie sahihi, na Sindano akaishika kalamu kwa mikono miwili.